Makofi Manane, Makafi Manane

"Mama Mkuu, ulisema kila jambo la wanafunzi na wewe utakuwemo. Mbona kwenye mtumbwi huingii?"

Aliyeuliza alikuwa Yusta, mtoto wa miaka tisa, darasa la tatu, sare ya shule ikiwa bado mwilini na mchanga wa Kibirizi ukiwa umempanda mpaka magotini. Aliyeulizwa alikuwa Daktari Honorata Ntabaye, Mkuu wa Chuo, ambaye wakati huo alikuwa amesimama ufukweni na bendera ya kijani mkononi, tayari kuanzisha mashindano ya mitumbwi ya Wiki ya Wanafunzi. Mama yake Yusta, Veneranda, matroni wa bweni la wasichana, alimfinya mwanawe begani ili anyamaze, lakini swali lilikuwa limeshatoka.

Daktari hakukasirika. Alimtazama mtoto, akalitazama ziwa, akamtazama tena mtoto.

"Swali lako nimelipokea," alisema, kwa sauti ileile anayowajibia wakaguzi wakija kutoka Dodoma. "Nitalifanyia kazi."

Kisha akashusha bendera, na mitumbwi ikaondoka.

Yusta alilisubiri jibu jioni ile. Akalisubiri wiki ile na mwezi ule. Alichokuja kugundua ni kwamba jambo likishaanza kufanyiwa kazi na wakubwa, mtu anaweza kumaliza darasa la saba analisubiri.

Na si kwamba hawakuonana. Chuo chenyewe kiko kilimani, ukitoka Gungu kuteremkia Kibirizi, na nyumba ya matroni imegusana na bwalo. Ukisimama mlangoni siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo, na harufu ya dagaa wanaoanikwa kule chini inapanda mpaka darasani. Yusta alikulia pale. Alimwona Daktari kila siku, tena mara nyingi mahali ambapo mtu hategemei kumwona mkuu wa chuo.

Alimwona golini, kwa mfano. Kwenye bonanza la watumishi na wanafunzi Daktari ndiye golikipa, na alidaka akiwa amevaa suruali ya michezo ndani ya gauni. Alifungwa mabao mengi, lakini kila aliyemfunga alimwita kwa jina na kumuuliza amefaulu masomo mangapi. Alimwona kwenye bwalo la chakula, sahani mkononi, kwenye foleni, akisukumwa na wanaume wenye njaa ambao hawakuwa wamegeuka kuona wanamsukuma nani. Siku ya Idi alikaa jamvini na vijana wa msikiti wa chuo. Krismasi aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, vibaya kidogo, na mwalimu wa kwaya hakuwa na ujasiri wa kumwambia. Mwanafunzi akifiwa, Daktari alifika msibani kabla ya barua ya ruhusa kupigwa muhuri.

Kwenye sherehe ilikuwa kazi kumweka mahali pamoja. Turubai limefungwa, meza kuu imepambwa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, chupa za maji zimepangwa, mshereheshaji kashasema itifaki imezingatiwa. Unageuka, kiti cha Mkuu wa Chuo kitupu. Yuko kwenye ngoma na wasichana wa mwaka wa pili.

"Daktari, wageni wanakuulizia," angemnong'oneza Mzee Filemoni, mwenyekiti wa Baraza la Chuo, mstaafu mwenye fimbo nyeusi na suti ya kijivu.

"Waambie nipo. Si wananiona?"

Alikuwa kwenye kila kitu, basi, isipokuwa mtumbwi. Na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mlinzi wa getini alisema ni itifaki, mkuu wa chuo hapandi chombo kisicho na injini. Mpishi alisema ni lile gauni. Mama yake Yusta alisema, "Achana na mambo ya wakubwa, umemaliza hesabu zako?"

Sasa, hayo ya makofi.

Daktari Honorata ni mzaliwa wa Kasulu, huko juu, na Waha wa huko salamu hawaimalizi kwa mdomo. Mtu anainama kidogo, anakusanya viganja, anapiga makofi taratibu huku akisema, "Mwidiwe," na wewe unaitikia hivyohivyo, makofi kwa makofi. Ukiwa umebeba kitu unakiweka chini kwanza. Kumwitikia mtu mzima huku umeshika vitu vyako ni sawa na kumwambia apite.

Mwaka ule Yusta alipoingia darasa la sita, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikusanywa bwaloni kukaribishwa. Daktari akasimama mbele yao, akainama, akakusanya viganja. Pa. Pa. Pa. Mbele kabisa alikuwa amekaa kijana kutoka Tanga, Alphonce, mrefu, siku ya pili tu Kigoma. Yeye aliona Mkuu wa Chuo anaanzisha shangwe. Akashangilia. Aliyekaa pembeni yake akashangilia, mstari wa nyuma ukafuata, na bwalo zima likalipuka makofi. Daktari, kwa kuona anaitikiwa kwa moyo namna ile, akaona si adabu yeye awe wa kwanza kuacha, akaendelea kusalimia. Wao, kwa kuona Mkuu bado anapiga, wakaona si adabu kuacha. Dakika mbili nzima yeye aliwasalimia na wao walimshangilia, hakuna aliyejua namna ya kutoka, mpaka Veneranda akagonga kengele ya chakula.

Tangu siku hiyo akawa Mama Makofi. Jina lilipomfikia, hakulikataa. "Kuna wakuu wanaitwa vibaya zaidi," alisema.

Mitumbwi nayo ilikuwa na habari yake, na haikuwa nzuri.

Kila mwaka chuo kilishindana na wabebaji wa mwalo wa Kibirizi, watu wanaoamka alfajiri kupakua dagaa na kupakia magunia, wenye migongo kama milango. Kila mwaka chuo kilishindwa. Nahodha wa wabebaji, Martini, alikuwa na maneno makali kuliko kafi lake.

"Wasomi," alikuwa akisema wakati wa kujipanga, "leo mmekuja na daftari? Maana mwaka jana mlisahau kuandika mlikozamia."

Na kweli walizama. Yusta alikuwa kidato cha kwanza mwaka huo. Mtumbwi wa chuo ulipinduka mbele kabisa ya meza kuu, kila mpigaji akivuta upande wake, mbele ya wageni, mbele ya kamera za simu mia tatu. Hakuna aliyeumia, wote walikuwa na jaketi za kuokolea. Lakini Mzee Filemoni aligonga fimbo yake chini, na kikao kijacho cha Baraza kikatoka na azimio: chuo kinapewa mwaka mmoja. Mtumbwi ukizama tena, au ukishindwa kufika, mashindano yanaondolewa kwenye ratiba moja kwa moja.

Aliyeumia moyo kuliko wote alikuwa Nasri. Nasri ni kijana wa Kibirizi penyewe, babu yake alivuka kutoka upande wa Kongo, mama yake anauza dagaa mwaloni. Yeye ndiye nahodha wa mtumbwi wa chuo. Siku ya mashindano, Daktari alikuwa ameweka desturi kwamba mshindi na mshindwa wanapanda kilima pamoja na watu wao wote, wanakula bwaloni. Ilikuwa ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo mama yake Nasri anaingia geti la chuo na ndoo yake kichwani bila mlinzi kumuuliza anamtafuta nani.

"Wakifuta mtumbwi, wamefunga geti," Nasri alimwambia Daktari.

"Najua," alisema Daktari. "Unataka nini kutoka kwangu?"

"Makafi. Yetu yamepasuka."

"Andika barua."

Nasri akaandika, kwa mwandiko wake ambao hata yeye hushindwa kuusoma. Katibu muhtasi akaichapa. Ijumaa, kwenye mkutano wa wanafunzi, Daktari akavaa miwani akaisoma mbele ya bwalo zima: "Wanamichezo wanaomba Mkuu wa Chuo awapatie makofi manane mapya, kwa kuwa yaliyopo yamepasuka na hayafai kwa matumizi."

Akaishusha karatasi. Alijua fika walichoomba, lakini karatasi ilisema makofi.

"Mapya sina," alisema. "Haya niliyonayo ni ya Kasulu, ya siku nyingi. Lakini kama ni manane, chukueni."

Akainama, akapiga. Moja, mbili, tatu, taratibu, hadi nane. Na bwalo, ambalo kwa miaka mitatu sasa lilikuwa limeshajifunza kuitikia, likarudisha manane. Watu mia nne, kishindo kimoja.

Nasri alikuwa amesimama nyuma. "Mama Mkuu, samahani. Ni makafi. Ya kupigia maji."

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Daktari alivua miwani akafuta macho. Katibu muhtasi alijifunika uso kwa kitenge.

"Haya, makafi mtapata," alisema Daktari. "Kuna fundi Ujiji. Kaa chini, mwanangu."

Nasri hakukaa. Yusta, aliyekuwa mlangoni na kitabu chake cha fizikia, aliiona sura yake na akajua kijana kasikia kitu ambacho wengine hawajakisikia.

"Naomba urudie, Mama."

"Makafi?"

"Hapana. Makofi."

Akarudia. Bwalo likaitikia, kishindo kimoja tena. Nasri akawageukia wenzake saba wa mtumbwini. "Mmesikia? Watu mia nne wanaweza kupiga pamoja, sisi wanane tunashindwa. Tunazingua tu."

Tangu hapo mazoezi yakabadilika. Wabebaji wa Kibirizi wana mwimbishaji wao mbele ya mtumbwi, anaimba na wao wanavuta. Chuo kikaweka mpiga makofi. Kazi ikapewa Alphonce, yuleyule wa Tanga, ambaye kwa aibu ya siku ile alikuwa amejifunza salamu ya Kiha kuliko Waha wenyewe. Anakaa mbele akiwatazama, anapiga pa, na makafi manane yanaingia majini. Pa, yanatoka. Polepole mwanzoni. Wiki ya tatu mtumbwi ukaacha kuyumba. Wiki ya sita Yusta aliona ukipita mbele ya mwalo, umenyooka, na wabebaji wawili wakaacha kupakia gunia ili watazame.

Siku ikafika, saa tisa alasiri, Yusta akiwa sasa kidato cha pili, umri miaka kumi na tano. Turubai lilisimama mchangani. Watu wa mwalo walikuwa upande huu, wanafunzi upande ule, mama yake Nasri katikati na ndoo ya dagaa wa kukaanga kwa mawese, tayari kwa kupanda kilima. Meza kuu ilikuwa imejaa.

Na Alphonce alikuwa amefungwa bandeji mikono yote miwili.

Jana yake kulikuwa na shindano la kupika ugali wa bwalo zima, sehemu ya Wiki ya Wanafunzi, na Alphonce, kwa ushujaa wa kuonekana, alishika masikio ya sufuria la moto bila kitambaa. Viganja vilivimba malengelenge. Alijaribu kupiga makofi. Ilikuwa sauti ya mtu anayekung'uta mto.

"Noma," alisema mmoja wa wapigaji.

Wakamjaribu wa kwanza badala yake. Akapiga makofi ya harusini, mbio mbio. Wakamjaribu wa pili, akaanza vizuri, akasikia watu wa mwalo wanamcheka, akapotea. Wa tatu alikataa mwenyewe.

"Wasomi," Martini aliita kutoka majini, "tuwasubiri au mnakata rufaa?"

Kanuni ilisema wapandaji ni tisa, wote wanachuo au watumishi. Nasri aliitazama karatasi ya kanuni muda mrefu. Kisha akapanda mchanga mpaka kwenye meza kuu, miguu mitupu, maji yakimchuruzika, akasimama mbele ya Mkuu wa Chuo. Alikusanya viganja vyake.

Yusta alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Aliona kitu kimoja ambacho waliokaa nyuma hawakukiona: chini ya meza Daktari alikuwa anafungua na kufunga kifuniko cha chupa ya maji, bila kunywa.

"Daktari," alisema Mzee Filemoni kwa sauti ya chini, "meza kuu haiwezi kubaki bila mwenyeji."

"Wewe ni nani hapa, Mzee?"

"Mwenyekiti wa Baraza."

"Basi wewe ndiye mwenyeji. Wakaribishe soda."

Alisimama, akavua viatu vyake vyeusi vya kisigino kifupi, akatazama huku na huku, akamwona Yusta.

"Nishikie," alisema.

Walimvalisha jaketi ya kuokolea juu ya gauni la sherehe. Alipoingia mtumbwini, alishika pande zote mbili kwa nguvu mpaka vidole vikabadilika rangi, na hakuachia mpaka Nasri alipomwambia kitu sikioni. Ndipo akaachia upande mmoja. Kisha wa pili. Kelele zilizotoka upande wa wanafunzi zilimshtua mbuzi wa mtu akakata kamba.

Bendera ikashuka.

Wabebaji walitangulia, kama kawaida yao. Walikuwa na nguvu na mwimbishaji wao alikuwa na koo la chuma. Mtumbwi wa chuo ulikuwa nyuma, lakini ulikuwa umenyooka. Kutoka mchangani Yusta alisikia, juu ya kelele zote, sauti ile ndogo kavu. Pa. Pa. Pa. Haikuongeza kasi kwa sababu ya hofu, haikupunguza kwa sababu ya wimbi. Watu wa ufukweni wakaanza kuipiga wenyewe bila kuambiwa, kwanza wanafunzi, kisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, wanawake wa dagaa upande wa mwalo.

Mtumbwi unakwenda mpaka kwenye madumu ya njano yaliyofungwa pamoja, unayazunguka, unarudi. Kwenye madumu mitumbwi miwili ilikaribiana. Yaliyosemwa huko Yusta aliyapata baadaye kwa Nasri, aliyeyasimulia mara sita siku ileile, na yote sita yalifanana, kwa hiyo huenda ni kweli.

Martini aliona chuo kinamkaribia kuliko miaka yote. Akawaza hila. Akawaambia watu wake, "Msalimieni mama, apoteze mdundo."

Wakapaza sauti wote, makafi mikononi, wakiendelea kuvuta. "Mwidiwe, Mama."

Daktari hakuacha kupiga. Aligeuza kichwa tu, akawatazama kwa jicho ambalo kila mtu aliyelelewa Kasulu, Kibondo au Buhigwe analijua.

"Mnanisalimia mmeshika vitu?"

Wabebaji watano kati ya wanane ni watoto wa huko juu. Mikono yao haikungoja ruhusa ya Martini. Wakaweka makafi magotini, wakainama, wakakusanya viganja, wakasalimia vizuri.

"Mwidiwe, wanangu," aliitikia Daktari, makofi kwa makofi, na kila kofi lake la kuitikia lilikuwa ndilo lilelile la mdundo. Makafi manane ya chuo yaliingia majini kwa pamoja, yakatoka, yakaingia. Walipomaliza salamu, wabebaji walikuwa wanatazama mgongo wa Nasri.

"Shikeni makafi, nyie," alipiga kelele Martini. "Nani kawaambia muache?"

"Ametusemesha yule mama," alijibu mmoja. "Wewe ungefanyaje?"

Walivuta, na walivuta kweli, kwa hasira za watu wenye migongo kama ile. Pengo likapungua. Mita hamsini kufika ufukweni, mita thelathini. Ufuko mzima sasa ulikuwa unapiga mdundo mmoja, na Mzee Filemoni, aliyekuwa amesimama bila kujijua, alikuwa anaupiga kwa fimbo yake juu ya meza kuu huku chupa za maji zikianguka moja moja. Mtumbwi wa chuo ulikuwa wa kwanza kugusa mchanga, kwa urefu wa kafi na nusu.

Yusta hakumbuki alipiga kelele gani. Anakumbuka kwamba viatu vya Mkuu wa Chuo vilikuwa hewani, kimoja kila mkono.

Martini alikwenda moja kwa moja kwa mwamuzi. "Napinga. Ametusalimia katikati ya mashindano."

Mwamuzi, mwalimu wa michezo kutoka shule moja ya Gungu, alifungua kanuni. "Nani alianza kusalimia?"

Wabebaji wakaangalia mchanga.

"Nauliza, nani alianza?"

"Sisi," alisema mmoja wa watu wake mwenyewe, na ufuko wote ukacheka, na Martini naye, akijizuia mwanzoni, akacheka. Akamwendea Daktari, aliyekuwa bado amekaa mtumbwini, gauni limelowa mpaka kiunoni. Akaliweka kafi lake mchangani. Akainama, akapiga makofi kama inavyotakiwa.

"Mwakani hatukusalimii, Mama," alisema. "Uje ukijua kabisa."

"Mwakani," alisema Daktari, na akamgeukia Mzee Filemoni. "Mwenyekiti umemsikia? Kasema mwakani."

Mzee Filemoni alikuwa anaokota chupa. "Mashindano yamo kwenye ratiba," alisema. "Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba yamo."

Watu walianza kupanda kilima, wanafunzi na wabebaji wamechanganyika, Alphonce amebebwa mabegani na bandeji zake juu kama bendera mbili. Mama yake Nasri alikuwa mbele ya wote na ndoo yake kichwani. Alipofika getini, mlinzi alimfungulia mabawa yote mawili.

Mtumbwini alikuwa amebaki mtu mmoja. Nasri na wenzake walimsaidia kushuka, akasimama mchangani maji yakimtoka kila mahali, akawaambia watangulie. Yusta akamsogelea na viatu. Daktari alivitazama viatu, akamtazama msichana ambaye sasa alikuwa mrefu kumzidi kidogo.

"Yusta," alisema. "Kuna swali lako niliahidi kulifanyia kazi."

"Miaka sita iliyopita, Mama."

"Lilikuwa gumu." Alikamua pindo la gauni. "Uliniuliza mbona siingii kwenye mtumbwi. Jibu ni kwamba sijui kuogelea. Mtoto wa Kasulu, mimi ningejifunzia wapi?"

"Na sasa?"

Daktari aligeuka akalitazama ziwa, kutoka mchangani hadi kwenye madumu ya njano, umbali wote ule.

"Hata sasa sijui," alisema. "Nipe viatu, twende tukale."